Poda ya zinki oksaidi niliyoitia kobalti inaonyesha usumaku kwenye joto la kawaida. Ni kweli au ni uchafu?

#1 Poda ya Kijani
Wakuu, salaam. Nasoma shahada ya uzamili, fizikia ya yabisi. Nimetengeneza chembe nano za zinki oksaidi na kupandikiza kobalti asilimia 5 mahali pa zinki. Njia ni ya kawaida: asetati ya zinki na asetati ya kobalti, magadi makali, kuosha, kukausha, kisha tanuri nyuzi 400 kwa saa mbili. Poda nyeupe imegeuka kijani safi kabisa. XRD (kipimo cha eksirei kinachotambua kristali) inaonyesha wurtzite tupu, yaani kristali ya kawaida ya zinki oksaidi, hakuna mstari wa kitu kingine, na ukubwa wa chembe ni kama nanomita 20.

Nikapeleka sampuli Afrika Kusini kupimwa kwa VSM, mashine ya kupima usumaku. Majibu yamerudi na kitanzi cha histeresi (dalili kwamba kitu kinabaki na usumaku hata sumaku ya nje ikiondolewa) kwenye joto la chumba. Kidogo, 0.004 emu (kipimo cha usumaku) kwa gramu pale kinapofika kikomo, lakini kipo na kinaonekana kwa macho. Msimamizi wangu anafurahi, anasema tuandike makala. Mimi kabla ya kuandika nataka nijue: huo usumaku unatoka wapi?

#2 Nipo Hapa
Siti ya mbele. Ngoja waje wenyewe.

#3 Mzee wa Vipimo
Hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika. Tufanye hesabu kwanza.

Ioni ya kobalti mbili chanya ina elektroni tatu zisizo na wenza, yaani magnetoni 3 za Bohr, kipimo cha usumaku wa ioni moja. Kama kobalti zako zote zingeelekea upande mmoja, poda ya asilimia 5 ingekupa takriban 10 emu kwa gramu. Wewe umepata 0.004. Hiyo ni kama sehemu moja kwa 2,500. Maana yake karibu kobalti zako zote hazishiriki kwenye hicho kitanzi.

Sasa geuza upande wa pili. Chuma halisi kina karibu 218 emu kwa gramu. Ulipima miligramu ngapi?

#4 Poda ya Kijani
Miligramu 50, Mzee.

#5 Mzee wa Vipimo
Basi usumaku wote ulioonekana ni emu 0.0002. Mikrogramu moja tu ya chuma inatosha kuutoa wote. Mikrogramu moja ndani ya miligramu 50 ni sehemu 20 kwa milioni. XRD haioni kitu hicho hata ukiiacha ipime wiki nzima. Chini ya asilimia moja au mbili mashine hiyo haina la kusema.

Ulichota poda kwa kijiko gani? Kibano gani? Ulikoroga kwa sumaku ya kukorogea inayotumiwa na maabara nzima?

#6 Poda ya Kijani
Kijiko cha chuma cha pua. Na ndiyo, sumaku ya kukorogea ni ya wote.

#7 Neema_Kemia
Mzee ameanza na chuma chake kama kawaida 😀. Nampinga kidogo.

Historia ya jambo hili haikuanzia kwenye vijiko. Mwaka 2000 Tomasz Dietl na wenzake walitabiri katika jarida la Science kwamba zinki oksaidi yenye manganizi asilimia 5, ikiwa na mashimo ya umeme (nafasi zilizoachwa na elektroni) ya kutosha, ingekuwa feromagneti, yaani sumaku ya kweli kama chuma, juu ya joto la chumba. Mwaka 2001 kundi la Japani likatoa titani oksaidi yenye kobalti ikionyesha jambo hilo, na mwaka huohuo Wajapani wengine wakaleta filamu za zinki oksaidi yenye kobalti. Baada ya hapo dunia nzima ikaingia. Sababu ilikuwa nzito: semikondakta ambayo ni sumaku bila kupozwa ingebeba taarifa kwa chaji na kwa spini (usumaku mdogo) ya elektroni kwa pamoja, kazi ya transista na ya diski ndani ya kipande kimoja.

Watu wote hao hawakuwa wachafu wa mikono.

#8 Mzee wa Vipimo
@Neema_Kemia sikusema wote. Ila tusiache nusu ya historia. Mwaka 2004 kundi la Dublin lilitangaza kwenye Nature kwamba hafni oksaidi, kitu kisicho na elektroni hata moja ya d isiyo na mwenza, ni feromagneti. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakatengeneza filamu zilezile kwa uangalifu, hawakuona kitu. Wakazishika kwa kibano cha chuma cha pua, usumaku ukatokea. Ukubwa ulikuwa uleule uliokuwa ukiripotiwa.

Na ile zinki oksaidi yenye manganizi ya 2003 iliyosifiwa sana, mwaka 2004 kundi jingine likaonyesha kwamba usumaku ulitoka kwenye awamu nyingine ya oksaidi ya manganizi yenye zinki na upungufu wa oksijeni, iliyozaliwa pale chembe mbili zinapokutana kwenye joto dogo la tanuri.

#9 Msomi Kisumu
Wadau, mnaenda mbali. Si jibu ni rahisi? Tanuri nyuzi 400 kwenye hewa, kobalti isiyoingia kwenye kristali inakuwa Co3O4, oksaidi ya kobalti. Hiyo ndiyo sumaku yako, na hiyo ndiyo rangi yako.

#10 Neema_Kemia
@Msomi Kisumu hapana kwa yote mawili. Co3O4 ni antiferomagneti, yaani spini jirani zinapingana na kufutana, na hujipanga hivyo chini ya kelvini 40 hivi. Kwenye joto la chumba ni paramagneti tu: huvutwa kidogo na sumaku, lakini haibaki na usumaku. CoO, oksaidi nyingine ya kobalti, nayo hujipanga chini ya kelvini 290 au hapo karibu, tena kwa kupingana. Hakuna kati yao inayoweza kutoa kitanzi Dar es Salaam saa sita mchana.

Rangi: Co3O4 ni nyeusi. Ingekuwepo nyingi, poda ingekuwa ya kijivu chafu. Kijani safi ni kobalti iliyokaa ndani ya zinki oksaidi, katikati ya oksijeni nne. Wachoraji wanaijua tangu Sven Rinman wa Uswidi alipoieleza mwaka 1780. Inaitwa kijani cha Rinman hadi leo. Ukipiga spektra ya mwanga utaona mafundo matatu ya ufyonzaji kwenye njano-nyekundu, karibu na nanomita 567, 610 na 655. @Poda ya Kijani, unayo?

#11 Poda ya Kijani
Ninayo yote matatu, yamesimama vizuri. Asante, hilo nilikuwa na wasiwasi nalo. Pengo la nishati (nishati ya chini inayohitajika kuinua elektroni hadi ipitishe umeme) nalo limeshuka, kutoka karibu 3.3 hadi 3.1 elektronivolti.

#12 Msomi Kisumu
Sawa Neema, nimekupata kuhusu Co3O4. Kuhusu hilo pengo basi, si ni udogo wa chembe? Nano hubadilisha pengo.

#13 ChembeNdogo
Udogo hupandisha pengo, haushushi. Na kwenye zinki oksaidi udogo huanza kusema pale chembe inaposhuka chini ya nanomita 7 hivi, kwa kuwa nusu kipenyo cha eksitoni yake (elektroni na shimo lake zikiwa zimeshikana) ni nanomita 2 na ushei. Chembe za 20 kwa macho ya mwanga ni sawa na kipande kikubwa.

Kwa kushuka kuna maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza, elektroni za zinki oksaidi zinabadilishana spini na elektroni za d za kobalti, kingo za bendi zinasogea. Hilo ndilo utaliona kwenye makala nyingi. La pili, ambalo mimi naliamini zaidi, ni kwamba pengo halijasogea sana: kobalti ina ufyonzaji wake wa kuhamisha chaji unaoanzia karibu na nanomita 400, unaotanda mpaka kwenye ukingo wa pengo. Ukichora mstari wa Tauc (njia ya kusoma pengo kwenye grafu ya ufyonzaji) juu ya mkia huo, unapata namba ndogo kuliko ukweli. Usiandike "pengo limepungua" kwa ujasiri kabla hujautoa huo mkia.

#14 Dalali wa Ipanko
Samahani wataalamu, mimi si wa shule hiyo, ni mtu wa mawe. Ila mnachokisema nakijua kwa njia nyingine. Rubi si alumini oksaidi iliyotiwa kromi? Bila kromi ni jiwe jeupe lisilo na bei. Spineli zetu za Mahenge nazo nasikia ni kromi hiyohiyo.

Sasa mimi natembea na sumaku ndogo ya neodimi. Ganeti nyekundu inaifuata, ukiielesha juu ya maji inasogea kabisa. Rubi haisogei. Mbona rubi ina kromi na haivutwi?

#15 Mzee wa Vipimo
Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina. Ganeti nyekundu ina chuma kama sehemu ya mwili wake, asilimia nyingi za uzito. Ni paramagneti, lakini ioni ni nyingi, kwa hiyo sumaku kali inazisogeza. Rubi ina kromi chini ya asilimia moja au mbili. Kila ioni ya kromi ni sumaku ndogo, zimetawanyika, hazisikilizani, na idadi haitoshi kulisogeza jiwe.

Na hilo ndilo fumbo la uzi huu. Kobalti asilimia 5 ndani ya zinki oksaidi zimetawanyika vilevile. Zilizo jirani kabisa zinapingana, kwa kuwa mwingiliano wao unapitia oksijeni iliyo katikati. Kwa sheria za kawaida poda ya Kijani ilipaswa kufanya kama rubi: paramagneti, mstari ulionyooka, hakuna kitanzi.

#16 Dalali wa Ipanko
Nimeelewa. Na kwa nini rubi nyingine ukizimulika kwa tochi ya zambarau zinawaka nyekundu na za Winza zinawaka kwa unyonge?

#17 ChembeNdogo
Chuma. Rubi za Winza zina chuma zaidi, na chuma hunyonya ile nishati kabla kromi haijaitoa kama mwanga. Mwanga huo mwekundu wa nanomita 694 ndio Theodore Maiman aliutumia Mei 1960 kuwasha leza ya kwanza, kwa fimbo ya rubi yenye kromi kidogo mno, kama asilimia 0.05.

@Poda ya Kijani unaweza kufanya jambo la aina hiyo bila mashine. Chukua tochi ya kukagulia noti, ile ya nanomita 365. Zinki oksaidi yako isiyo na kobalti huenda ikawaka kijani-njano. Yenye kobalti itakuwa giza, kwa kuwa kobalti iliyo ndani ya kristali huzima mwanga huo. Hilo ni ushahidi mwingine kwamba ipo ndani.

#18 Bin Tanga
Huo mwanga wa kijani wenyewe una ugomvi. Wengine wanasema nafasi tupu za oksijeni, wengine nafasi tupu za zinki, wengine shaba iliyoingia kama uchafu. Tumeusoma na hatukumaliza.

#19 Neema_Kemia
Na nafasi tupu za oksijeni ndizo nilizotaka kuzifikia. Mwaka 2005 Michael Coey na wenzake wa Dublin walipendekeza hivi: panapokosekana oksijeni hubaki elektroni inayozunguka kwa duara pana, inapita juu ya kobalti nyingi zilizo mbalimbali. Elektroni hiyo inafanya kazi ya mshenga, kila nyumba inakopita inaacha neno lilelile, mwishowe nyumba zote zinakubaliana bila kukutana. Maduara yakiwa mengi yanagusana, na kristali nzima inakuwa feromagneti.

Isitoshe, mwaka 2006 kundi la Bangalore alimokuwamo C. N. R. Rao lilipima chembe nano za oksaidi zisizo na metali yoyote ya sumaku: za seri, alumini, zinki, indi na bati. Zote zilionyesha usumaku mdogo kwenye joto la chumba. Zilezile zikipikwa mpaka kuwa vipande vikubwa, usumaku ukatoweka. Wao walisema chanzo ni uso wa chembe. Sasa Mzee, chuma kiliondoka vipi kwa kupikwa?

#20 Mzee wa Vipimo
Kilibadilika. Chuma au magnetiti (oksaidi ya chuma yenye usumaku mkali) ikipikwa kwa joto la juu kwenye hewa inakuwa hematiti, oksaidi nyingine ya chuma, ambayo usumaku wake haufiki hata emu moja kwa gramu. Kipimo kinachothibitisha nafasi tupu zimejazwa na oksijeni, hichohicho kinathibitisha uchafu umeungua.

Na upande wa pili ni hivyohivyo. Ukipika kwenye hidrojeni usumaku unapanda. Nyie mtasema nafasi tupu zimeongezeka. Mimi nitasema kobalti imegeuka metali. Poda yake ya miligramu 50 ina karibu miligramu 1.8 za kobalti. Ikigeuka metali mikrogramu moja na robo tu, kitanzi chake chote kimepatikana.

#21 Nipo Hapa
Huu uzi uwekwe mahali pa kudumu.

#22 Mkulima Msomi
Swali la mlipa kodi: hivi vitu vina faida gani kwa mtu wa kawaida?

#23 ChembeNdogo
Simu uliyoshika. Kioo chake cha kugusa kina tabaka la indi oksaidi iliyopandikizwa bati. Bati linaongeza elektroni nyingi mpaka oksaidi inapitisha umeme, lakini inabaki angavu kwa kuwa pengo lake ni pana. Elektroni hizo hizo hukataa mionzi ya joto isiyoonekana, ndiyo maana wanatengeneza vioo vya madirisha vinavyopitisha mwanga na kuzuia joto. Zinki oksaidi yenyewe ipo kwenye mafuta ya kukinga jua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji usumaku. Upande wa mwanga umezaa matunda, upande wa sumaku bado.

#24 Poda ya Kijani
Nimerudi na jambo jipya. Nilikuwa nimepeleka pia zinki oksaidi tupu, isiyo na kobalti, iliyopikwa tanuri lilelile. Majibu yake yamefika leo. Nayo ina kitanzi, 0.001 emu kwa gramu.

#25 Mzee wa Vipimo
Sina la kuongeza. Hakuna kobalti, na kitanzi kipo.

#26 Neema_Kemia
Nina la kuongeza mimi. Hakuna kobalti, na kitanzi kipo: ndicho walichokiona Bangalore. Na yenye kobalti ina mara nne zaidi. Uchafu wa kijiko kilekile ulijuaje pa kwenda kwa wingi?

#27 Bin Tanga
Asetati ya kobalti huwa ina nikeli na chuma kidogo ndani yake kutoka kiwandani. Soma lebo ya chupa. Uchafu unaokuja na kobalti utaongezeka kadiri unavyoongeza kobalti, na utachora grafu nzuri kabisa ya "usumaku kupanda kwa kupandikiza".

Tena kuna jambo ambalo kwenye maabara za Ulaya halitajwi sana: vumbi. Udongo mwekundu wa kwetu una maghemiti laini, oksaidi ya chuma yenye usumaku, ya karibu emu 75 kwa gramu. Dirisha la maabara likiwa wazi kiangazi, sampuli inakauka kwenye sahani usiku kucha, umeshapata.

#28 Poda ya Kijani
Dirisha huwa wazi. Umeme ukikatika feni hazipo.

#29 ChembeNdogo
Mimi nipo katikati, na naona pande zote mbili zinasahau la tatu. Coey huyohuyo, mwaka 2016, alirudi na chembe nano za seri oksaidi. Usumaku wake haukubadilika kwa joto, na ulipungua chembe zilipotenganishwa kwa kuchanganywa na poda nyingine isiyo na usumaku. Uchafu wa chuma haujali kama jirani yuko mbali. Maelezo yake mapya hayakuwa feromagneti hata kidogo, yalikuwa paramagneti kubwa ya mizunguko ya elektroni kwa pamoja, inayohitaji kundi la chembe la ukubwa fulani ili itokee. Kwa hiyo huenda swali "ni feromagneti au ni uchafu" lina majibu mawili tu kwa sababu tumeliuliza hivyo.

@Poda ya Kijani kitanzi chako kina upana gani pale kinapokata mstari wa sifuri?

#30 Poda ya Kijani
Kama oestedi 100 (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) kwa yenye kobalti. Tupu ni kama 90.

#31 Mzee wa Vipimo
Mia moja, kama magnetiti laini au chuma. Poda hizo mbili zingekuwa na usumaku wa asili tofauti ungetarajia zitofautiane zaidi.

#32 ChembeNdogo
Mzee, oestedi mia ipo kwenye nusu ya makala za fani hii, za filamu na za poda. Haitenganishi.

#33 Msomi Kisumu
Basi apime kwa joto. Apashe sampuli ndani ya VSM aone usumaku unafia wapi. Magnetiti inafia nyuzi 580, chuma 770, kobalti metali 1,115. Kila moja ina saini yake.

#34 Bin Tanga
Wazo zuri, ila ukifika 500 umeshaipika upya. Chembe zimekua, nafasi tupu zimejaa, na magnetiti ikikutana na hewa imekuwa kitu kingine. Ukiona imepungua, hutajua imefia pale au umeiua wewe.

Kinachotenganisha kweli ni eksirei za sinkrotroni (mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe eksirei kali) zenye mzunguko wa kulia na kushoto, zinazouliza kila elementi peke yake kama inashiriki. Makundi kadhaa yamefanya hivyo kwa zinki oksaidi yenye kobalti na kukuta kobalti ni paramagneti. Bara letu halina sinkrotroni hata moja; ya karibu ni SESAME, Yordani, inayofanya kazi tangu 2017.

#35 Neema_Kemia
Na hayo matokeo ya kobalti kuwa paramagneti hayanisumbui, kwa kuwa mimi nasema usumaku umekaa kwenye nafasi tupu na kwenye uso. Kobalti inasaidia tu kuzizalisha.

#36 Poda ya Kijani
Asanteni sana nyote. Nimeamua hivi: sampuli mpya, kijiko na kibano vya plastiki, sumaku ya kukorogea mpya iliyooshwa kwa asidi, kinu cha akiki, kukausha ndani ya chombo kilichofungwa. Nitapima kibebeo kitupu, na poda ya uzito wa aina tatu. Na nitaomba kipimo cha ICP, cha kuhesabu elementi zilizomo, cha chuma na nikeli, kwenye poda na kwenye asetati zote mbili. Mzee, chuma ikija kiasi gani utakubali?

#37 Mzee wa Vipimo
Chini ya sehemu 2 kwa milioni na kitanzi bado kiko 0.004, nitakubali kwamba si chuma. Nitabaki na swali la kobalti metali.

#38 Neema_Kemia
Na mimi naweka la kwangu mapema. Ikija sehemu 20 bado sikubali moja kwa moja. ICP inayeyusha kila kitu na kuhesabu chuma chote. Haisemi kama kilikuwa vumbi la magnetiti au ioni mojamoja zilizotawanyika ndani ya kristali, ambazo hazitoi kitanzi. @Poda ya Kijani, kabla hujaituma, nusu ya poda iweke ndani ya maji, itawanye vizuri, pitisha sumaku kali nje ya chupa kwa muda mrefu, kisha kausha kilichobaki katikati na ukipime pia. Kama Mzee ana haki, kilichobaki kitakuwa kimepungua.

#39 Mzee wa Vipimo
Hapo umenena. Ila vumbi la nanomita 10 lililoganda kwenye chembe za zinki oksaidi halitavutwa kirahisi na sumaku ya mkononi, kwa hiyo likibaki usiseme umeshinda. Leta matokeo, tutabishana nayo hapahapa.